Taha Hussein: Kipofu Aliyeomba Ufadhili, Akakataliwa, Akaomba Tena

Msimu wa maombi ya ufadhili wa shahada ya pili ukifika, hapa chuoni utaujua tu. Vimbweta vinajaa watu na kompyuta zao, foleni ya transkripti inarefuka, na walimu wanaombwa barua za mapendekezo mpaka wengine wanazima simu. Kwa wengi, sehemu ngumu ya fomu ni kueleza GPA iliyoyumba mwaka wa pili. Kwa sisi wenye ulemavu kuna swali jingine, dogo kwa umbo, lenye visanduku viwili tu: je, una ulemavu? Ndiyo au hapana.

Mimi nina uoni hafifu tangu utotoni. Kila nikifika kwenye swali hilo, chumbani kunazuka mjadala. Mmoja anasema weka hapana, utajieleza ukishapata. Mwingine anasema weka ndiyo, huenda wana nafasi za upendeleo. Wa tatu anasema ukiweka ndiyo tu, fomu yako inawekwa pembeni, maana hakuna mfadhili anayetaka mzigo. Badala ya kuendelea kubishana, nimeona niwasimulie wanachuo wenzangu maisha ya mtu aliyepita njia hii zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati hakuna fomu yenye visanduku, hakuna dawati la wenye mahitaji maalumu, wala kompyuta inayosoma kwa sauti. Anaitwa Taha Hussein. Wanaosoma fasihi ya Kiarabu wanamjua kama mwandishi mkubwa wa Misri wa karne ya 20. Wengi hawajui kwamba kabla ya ukubwa wote huo alikuwa mwombaji ufadhili kama sisi, na kwamba baraza la chuo lilimkatalia.

Alizaliwa Novemba 1889 katika kijiji karibu na mji wa Maghagha, mkoa wa Minya, Misri ya Juu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa ngazi ya chini katika kampuni ya sukari, na nyumba ilikuwa na watoto 13, yeye akiwa wa saba. Akiwa mdogo sana, hajafikisha hata miaka minne, macho yaliugua. Siku kadhaa zikapita bila tiba, kisha akaitwa kinyozi wa kijiji, maana ndiye aliyekuwa daktari wa watu wa hali yao. Kinyozi akatibu kwa ujuzi alionao. Mtoto akapona maumivu, macho yakawa yamekwenda. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutibika. Kilichomfanya kipofu ni umaskini na umbali wa hospitali, na hilo wengi wetu tuliotoka vijijini hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kijijini mtoto asiyeona alikuwa na njia moja iliyokubalika: ahifadhi Kurani, awe msomaji katika mazishi na hitima, apate riziki yake humo. Kwa hiyo Taha akapelekwa kuttabu, kile ambacho watu wa pwani yetu wanakiita chuo. Akahifadhi msahafu mzima akiwa bado mtoto. Lakini baba yake alikuwa na ndoto ndefu zaidi ya hitima. Alitaka kumwona mwanawe ni mwanazuoni wa Al-Azhar, ameegemea nguzo ya msikiti, wanafunzi wamemzunguka.

Mwaka 1902 ulikuwa mgumu kwa nyumba ile. Kipindupindu kilipita Misri, na mwezi Agosti kikamchukua kaka yake wa miaka 18, kijana aliyekuwa anajiandaa kuingia chuo cha udaktari. Ndiye aliyekuwa tumaini la familia. Katika mwaka huohuo Taha akapelekwa Cairo, akiwa na miaka 13 hivi, akaishi na kaka mwingine aliyekuwa anasoma Al-Azhar.

Maisha yake ya miaka ile, ukiyasoma, ni ya geto la mwanafunzi kabisa. Chumba cha kupanga katika jengo lililojaa wanafunzi na wachuuzi, chakula cha kuungaunga, chai na marafiki. Tofauti ni kwamba kaka yake jioni alikwenda kusoma na kupiga soga na wenzake, na mdogo akabaki chumbani peke yake, gizani. Taa haikuwashwa, kwa kuwa ilionekana haina kazi kwake. Asubuhi ilibidi amsubiri kaka huyo amshike mkono ampeleke darasani, na kaka mwenyewe ana vipindi vyake. Siku ya mtihani wa kuingia, mtahini hakumwita kwa jina bali kwa upofu wake. Alilikumbuka neno hilo hadi uzeeni. Sisi wenye ulemavu tunajua: kinachouma zaidi ni pale jina lako linapofutwa na kuandikwa hali yako, hata kama aliyeifuta hakuwa na nia mbaya.

Al-Azhar ilimpa mengi, hasa masomo ya fasihi ya kale. Lakini ilimchosha pia. Masomo mengi yalikuwa ni maelezo juu ya maelezo ya vitabu vya zamani, na yeye alikuwa kijana wa kuuliza na kupinga. Akagombana na mashekhe, akaandika magazetini, akajipatia maadui. Alipokwenda kwenye mtihani wa shahada mwaka 1912 alifelishwa, na yeye aliamini hadi mwisho kwamba matokeo yaliamuliwa kabla hajakaa kitini.

Bahati nzuri, mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa. Desemba 1908 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Misri, kwa michango ya wananchi, chini ya uenyekiti wa Mwanamfalme Ahmad Fuad, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme. Masomo yalikuwa jioni, kwa hiyo Taha aliweza mchana kuwa Al-Azhar na jioni kuwa huko. Miongoni mwa walimu walikuwamo wataalamu kutoka Ulaya kama Carlo Nallino wa Italia na Enno Littmann wa Ujerumani, waliofundisha kwa Kiarabu. Kwa mara ya kwanza alisikia historia ikifundishwa kama kitu cha kuchunguzwa na kuhojiwa. Akaamua kwamba lazima afike kule walimu hao walikotoka.

Hapa ndipo habari yetu inapoanza hasa.

Chuo kilikuwa na mpango wa kupeleka vijana Ulaya wakasome zaidi, kisha warudi kufundisha. Lilipotoka tangazo la nafasi za Ufaransa, Taha akaandika barua ya maombi kwa Mwanamfalme Fuad. Naomba tuitazame vizuri barua hiyo, maana ina somo. Hakuficha kitu. Alitaja mwenyewe kwamba kuna masharti mawili hayatimizi: hana cheti cha sekondari, kwa kuwa amepitia Al-Azhar, na haoni. Kisha akajenga hoja: upofu haujamzuia kusikiliza mihadhara ya chuo hichohicho na kufanya vizuri, kwa hiyo hautamzuia kusikiliza ya Ufaransa. Kwa maneno mengine, aliwapa ushahidi waliokuwa nao tayari mezani kwao. Walimjua, walikuwa wamemsomesha.

Baraza likakataa. Sheria ni sheria, hana cheti.

Akaandika tena. Safari hii kikwazo kilichojitokeza kilikuwa cha pesa: mtu asiyeona hawezi kwenda peke yake, atahitaji msaidizi, na chuo hakina fungu la msaidizi. Taha akajibu kwamba hataki senti moja zaidi ya wanayopewa wengine. Apewe posho ileile, gharama ya msaidizi ataibeba mwenyewe ndani ya posho hiyo. Baraza likarudi na jambo jingine: Kifaransa chake hakijatosha, akijifunze kwanza.

Akaenda kujifunza Kifaransa. Alipoona amekiweza, akaandika kwa mara nyingine. Sasa jibu likawa kwamba ombi litafikiriwa akishapata shahada ya udaktari ya chuo hicho. Fikiria hapo. Wenzake walioomba hawakudaiwa shahada ya uzamivu ili wakasome. Yeye nguzo za goli zilihamishwa mara tatu, na kila zilipohamishwa, alizifuata zilipo.

Mwezi Mei 1914 akasimama kutetea tasnifu yake mbele ya watahini na umati wa watu. Ilikuwa inahusu Abu al-Ala al-Ma'arri, mshairi wa Shamu wa karne ya 11 ambaye naye alipoteza macho utotoni. Akafaulu, akawa mtu wa kwanza kupata udaktari wa Chuo Kikuu cha Misri. Sasa baraza likawa halina tena sababu ya kutoa. Nafasi ya Ufaransa akaipata.

Ungedhani mambo yameisha. Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka na safari ikaahirishwa. Akaondoka Novemba, akaelekezwa Montpellier, kusini, mbali na mstari wa vita uliokuwa karibu na Paris. Alikwenda na kaka yake kama msaidizi, na posho ya mtu mmoja ikalazimika kutosha watu wawili. Kila anayetumia bumu kusomesha na mdogo wake anajua hesabu hiyo inavyokwenda.

Hajamaliza hata mwaka, chuo kikatangaza kwamba hazina imekauka, wanafunzi wote wa nje warudi. Septemba 1915 akarudi Cairo mikono mitupu. Alikaa huko miezi mitatu hivi, na kwa maelezo yake mwenyewe hizo zilikuwa miongoni mwa siku nzito kabisa za maisha yake. Baadaye fedha zikapatikana, na mwishoni mwa mwaka akavuka tena bahari, safari hii hadi Paris, Chuo Kikuu cha Sorbonne.

Sasa tuseme ukweli kuhusu namna alivyosoma, kwa sababu hadithi za watu wenye ulemavu zikisimuliwa mara nyingi hupakwa sukari: alijitahidi, akafaulu, mwisho. Hapana. Taha Hussein alifaulu kwa kuwa kila siku kulikuwa na mtu wa kumsomea. Maandishi ya nukta nundu aliyajaribu, lakini hayakuwa njia yake. Alikuwa amezoea kujifunza kwa sikio tangu kuttabu, na vitabu alivyovihitaji havikuwapo katika nukta nundu. Kwa hiyo alihitaji sauti ya mtu. Huko Montpellier, Mei 1915, alikutana na msichana wa Kifaransa, Suzanne Bresseau, aliyekubali kumsomea. Walipokutana tena Paris akaendelea kumsomea vitabu vya Kifaransa na vya Kilatini, saa nyingi kila siku. Kwenda na kurudi Sorbonne alihitaji mtu wa kumshika mkono, na huyo naye alilipwa. Agosti 1917 Taha na Suzanne wakaoana, na ndoa yao ikadumu hadi kifo kilipowatenganisha miaka 56 baadaye.

Hebu tuuangalie pia mzigo wa masomo wenyewe. Ili apate shahada ya kwanza ya fasihi ya Ufaransa, alitakiwa kujua Kilatini, lugha ambayo Wafaransa wenzake wameisoma tangu sekondari na yeye hakuwahi kuisikia. Akaianza toka alifu, akafaulu mtihani huo mwaka 1917. Wakati huohuo alikuwa anaandika tasnifu kuhusu fikra za kijamii za Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis wa karne ya 14, chini ya Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia. Durkheim alifariki Novemba 1917, kazi ikiwa inaelekea mwisho. Taha akaikamilisha na kupata udaktari wake wa pili. Halafu akaongeza diploma ya juu katika historia ya kale, na mwaka 1919 akarudi nyumbani, safari hii ana mke na mtoto wa kike.

Chuo kilekile kilichomwambia hana cheti cha sekondari kikamfanya mwalimu wa historia ya Wagiriki na Warumi. Chuo kilipochukuliwa na serikali mwaka 1925, akapewa kiti cha fasihi ya Kiarabu. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu ushairi wa kabla ya Uislamu, akidai kwamba sehemu kubwa ya ushairi huo ulitungwa baadaye na kusingiziwa watu wa kale. Misri ikawaka moto. Akashtakiwa kwa kuikashifu dini, suala likafika bungeni na kwa mwendesha mashtaka, ambaye mwaka 1927 alilifunga bila kumfikisha mahakamani. Kitabu kikaondolewa, naye akakitoa upya kikiwa kimerekebishwa na kupanuliwa. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, na wengi waliompinga walikuwa wasomi wa haja. Ninachokitaja hapa ni kwamba alipingwa kama msomi, kwa hoja za kitabu. Mtu aliyewahi kuitwa kwa upofu wake tu sasa alikuwa anaitwa kwa maandishi yake, hata na maadui.

Katika miaka hiyohiyo akaandika kitabu kilichompeleka duniani, Al-Ayyam, yaani Siku. Sehemu ya kwanza ni utoto wake kijijini, ikatoka kwanza katika jarida kisha kama kitabu mwaka 1929. Sehemu ya pili ni Al-Azhar, ya tatu ni chuo kikuu na Ufaransa. Alijisimulia kama vile anamsimulia mtu mwingine, kijana fulani, na vyote alivisema kwa mdomo, katibu akiandika. Mengi niliyowaeleza hapa kuhusu chumba kisicho na taa na barua za maombi, yeye mwenyewe ameyaweka humo.

Alikuwa Mmisri wa kwanza kuwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa. Mwaka 1932 serikali ya Ismail Sidqi ilitaka kitivo kiwape wanasiasa kadhaa shahada za heshima. Taha akakataa. Akahamishwa, kisha akafukuzwa kazi, na mkuu wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, akajiuzulu kupinga jambo hilo. Baada ya miaka miwili hivi serikali ikabadilika, naye akarudishwa. Mwaka 1942 alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu kipya cha Alexandria. Januari 1950 akateuliwa kuwa Waziri wa Elimu.

Na waziri huyu, aliyewahi kuambiwa kwamba chuo hakina fungu la kumgharimia, alifanya nini? Alifuta ada za shule za sekondari na za ufundi. Kwake elimu ilikuwa kama maji na hewa, kitu cha kila mtu, na tangu mwaka 1938 alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu mustakabali wa elimu na utamaduni wa Misri akitetea hilo. Alidumu uwaziri miaka miwili tu, hadi Januari 1952, lakini ada zile zikawa zimekwenda. Alifariki tarehe 28 Oktoba 1973. Desemba ya mwaka huohuo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliotunukiwa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Sasa turudi kwenye visanduku vyetu viwili.

Kuna namna mbaya ya kuyasoma maisha haya, nayo ni kusema: mnaona, Taha alilipa msaidizi wake mwenyewe na akafaulu, ninyi mnalalamika nini? Mimi nayasoma kinyume. Alikubali kubeba gharama ile kwa sababu hakuwa na namna nyingine, na alilipa kwa njaa, kwa kugawana posho, na kwa hisani ya ndugu na ya mwanamke aliyempenda. Ni wangapi wa kizazi chake waliokuwa na akili kama yake lakini hawakuwa na kaka wa kusafiri naye? Hao hawana wasifu wa kuandikwa kwenye jarida la wanafunzi. Walibaki kwenye hitima.

Ndiyo maana sheria zikatungwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unazitaka nchi kuhakikisha elimu ya juu inafikika kwa mtu mwenye ulemavu sawa na wengine, pamoja na marekebisho anayoyahitaji ili asome. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa upande wa wafadhili, ufadhili wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza, DAAD ya Ujerumani na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya wote wana utaratibu wa kuongeza fedha kwa gharama zinazotokana na ulemavu. Soma masharti ya mwaka husika, maana viwango hubadilika. Lakini jambo la msingi ni hili: lile fungu la msaidizi ambalo baraza la Cairo lilisema halina, leo kwa wafadhili kadhaa lipo. Na halitolewi kwa mtu aliyeweka hapana.

Kwa hiyo kwangu mjadala wa chumbani umekwisha. Mimi naweka ndiyo. Siweki ndiyo ili nionewe huruma, na wala sidhani kwamba fomu itapita kwa sababu hiyo. Naiweka kwa sababu za kihesabu kabisa. Shahada ya pili ya mambo ya takwimu, ninayoiombea, ina majedwali na michoro ambayo programu ya kusoma skrini haiisomi vizuri. Nitahitaji mtu wa kunisomea saa kadhaa kwa wiki, muda wa ziada wa mtihani, na kioo kikubwa cha kompyuta. Hizo ni gharama. Nikizificha leo, hazitapotea. Zitanisubiri mlangoni nikishafika, nami sitakuwa na wa kumdai.

Lakini kuweka alama tu hakutoshi, na hapa barua ya Taha ni mwalimu mzuri. Yeye alitaja pengo kabla hawajalitaja, kisha papo hapo akaeleza anafanyaje kazi na ushahidi uko wapi. Wengi wetu tunaandika aya nzima ya jinsi tulivyoteseka, tunasahau kuandika aya moja ya jinsi tunavyosoma. Mjumbe wa kamati hajui kwamba unasikiliza kitabu kwa kasi maradufu, wala kwamba tasnifu yako ya mwaka wa tatu uliiandika kwa programu ya sauti ukapata A. Hajawahi kukaa na wewe darasani. Mweleze. Taja kifaa, taja saa, taja matokeo, na mwombe mwalimu anayekupendekeza alithibitishe hilo kwenye barua yake. Na gharama ziorodheshe moja moja kwa bei halisi, maana mfadhili hawezi kukata fungu la kitu kisicho na jina.

Jingine ni kuhusu jibu la hapana. Taha hakuichukua kila hapana kama hukumu juu ya uwezo wake. Aliisoma kuona imesimama juu ya nini. Hapana ya kwanza ilisimama juu ya cheti, ya pili juu ya pesa na lugha, ya tatu juu ya shahada. Cheti asingeweza kukipata, akakizunguka. Lugha na shahada aliviweza, akavipata. Wafadhili wengi wa leo hawaandiki sababu, lakini wapo wanaojibu ukiwauliza kwa adabu, na jibu hilo ni mali. Atafutaye hachoki, wanasema wazee, akichoka keshapata. Nami ningeongeza kwamba anayetafuta gizani sharti apapase vizuri mlango ulipo, asigonge ukuta mwaka hadi mwaka.

Neno la mwisho ni kwenu viongozi wa serikali ya wanafunzi na ninyi wenzetu msio na ulemavu. Chuo chetu kina wanafunzi wasioona, viziwi, wenye viti vya magurudumu, na kila mwaka wachache mno miongoni mwao hujaza fomu za shahada ya pili. Sababu mara nyingi ni ndogo na ya kukera: tangazo limebandikwa ubaoni kama picha ambayo programu ya sauti haiwezi kuisoma, fomu inatakiwa kujazwa kwa mkono, ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili wa nje. Tangazo linaweza kuandikwa kwa maandishi ya kawaida likatumwa kwenye makundi ya madarasa. Na nyumbani kwa Suzanne hakukuwa na teknolojia yoyote. Palikuwa na kitabu na mtu aliyekuwa tayari kukisoma kwa sauti. Wiki hii fomu nyingi zinafungwa mwisho wa mwezi. Ukimwona mwenzako mwenye fimbo nyeupe amekaa kimbwetani, muulize kama ana ukurasa wowote wa kusomewa.